Kwa nini Uturuki ina viwanda vya maana lakini lira yake haishikiki? Wajuzi wa historia ya uchumi, karibuni

#1 Mizani ya Mtaa

Wakuu, salaam.

Uturuki inauza nje bidhaa za zaidi ya dola bilioni 260 kwa mwaka (hesabu ya 2024): magari, friji, vitambaa, nondo, mashine. Kampuni yao ya Yapı Merkezi ndio waliojenga SGR yetu kuanzia Dar. Kwa kipimo chochote, hiyo ni nchi ya viwanda.

Sasa geukia sarafu. Baada ya Septemba 1946 dola moja ilikuwa lira 2.80. Mwisho wa 2024 ilikuwa lira 35, na hizo 35 ni lira mpya zilizokatwa sifuri sita. Kwa lira ya zamani ni milioni 35.

Kiwanda kinapanda, sarafu inazama, miaka karibu 80. Mimi nasema kosa kubwa ni la Agosti 1989: Amri Namba 32 ya serikali ya Özal ilifungua milango yote ya mitaji ya nje wakati mfumuko wa bei uko juu ya asilimia 60. Kuanzia hapo nchi ikawa inaishi kwa fedha za wapita njia. Mwenye hoja tofauti aje na mwaka na tarakimu.

#2 Kitabu Wazi

Mkuu Mizani, 1989 ni jana tu. Anzia 1838, Mkataba wa Balta Limanı na Uingereza. Dola ya Osmani ilikubali bidhaa ya nje iingie kwa ushuru wa asilimia 5, huku mazao ya nyumbani yakitozwa asilimia 12 kutoka. Kitambaa cha Manchester kikaingia Izmir na Bursa karibu bure.

1854 wakakopa nje kwa mara ya kwanza kugharimia Vita vya Crimea. 1875 wakashindwa kulipa. 1881 ikatoka Amri ya Muharram iliyounda Halmashauri ya Deni la Umma: wawakilishi wa wadai kutoka Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi, Italia na Austria-Hungaria wakaketi Istanbul na kukusanya wenyewe kodi za chumvi, pombe, stempu, samaki na hariri. Tumbaku ikakodishwa kwa kampuni ya Régie, iliyokuwa na walinzi wake wa silaha wa kuwakamata wakulima wa magendo.

Dola ambayo kodi yake ya chumvi inakusanywa na wadai wa Paris itajifunzia wapi kusimamia fedha yake? Mkataba wa amani wa Lausanne 1923 ukafuta deni, lakini udhaifu ulishakomaa.

#3 Bin Mrima

Kitabu Wazi, heshima yako, lakini Lausanne haikufuta deni. Iliondoa mapendeleo ya wageni (zile haki za kutoshtakiwa na kutotozwa kodi) na kuligawa deni kwa nchi zilizozaliwa kutoka Dola ya Osmani. Fungu kubwa zaidi likabaki kwa Jamhuri ya Uturuki, wakajadiliana tena kulipunguza, na malipo ya mwisho yakafanyika 1954. Miaka 100 kamili tangu mkopo wa kwanza.

Halafu kuna kipengele cha Lausanne ambacho watu hukiruka: ushuru wa forodha uligandishwa kwa viwango vya 1916 hadi 1929. Miaka 6 ya mwanzo ya Jamhuri, Ankara haikuwa na uwezo wa kupandisha ushuru ili kulinda kiwanda. Na noti? Haki ya kuzitoa ilikuwa ya Benki ya Osmani, yenye wenye hisa wa Kiingereza na Kifaransa. Sheria ya Benki Kuu ilipitishwa 1930, benki ikafungua milango Oktoba 1931.

Kwa hiyo kusema serikali ya Jamhuri ilirithi tabia mbaya ya sarafu si haki. Sarafu yenyewe haikuwa mikononi mwao.

#4 Nyuki wa Mkarafuu

Nimekaa mkao wa kula. Asanteni, shusheni.

#5 Chuma na Makaa

Bin Mrima umefungua mlango, ngoja niingie. Miaka ya 1930 ndiyo inayovunja hoja ya Kitabu Wazi, na pia ile inayodai kwamba viwanda vya serikali huleta mfumuko wa bei.

Mpango wa kwanza wa viwanda ulianza 1934. Kazi zikapewa benki za serikali: Sümerbank (1933) kwa nguo, karatasi na saruji. Etibank (1935) kwa migodi na umeme. Sovieti walikopesha dola milioni 8 bila riba kwa miaka 20, zirudishwe kwa mazao. Humo ndimo kilimotoka kiwanda cha nguo cha Kayseri kilichofunguliwa 1935, kikafuata cha Nazilli 1937. Chuma cha Karabük kilijengwa na kampuni ya Kiingereza, Brassert, kuanzia 1937 na kikaanza kazi 1939.

Hayo yote yalifanyika huku bajeti ikisawazishwa kwa ukali na biashara ya nje ikiendeshwa kwa mikataba ya kubadilishana bidhaa, hasa na Ujerumani. Lira haikuporomoka. Ushuru ulifunguliwa 1929, na Mdororo Mkuu ukawalazimisha kutumia nafasi hiyo.

Penye kasoro ni hapa. Karabük waliiweka bara kwa sababu za kijeshi, karibu na makaa ya Zonguldak. Chuma ghafi kikaja kutoka Divriği, mkoa wa Sivas, mamia ya kilomita kwa reli. Kwenye kuyeyusha chuma unabeba mizigo miwili mizito, makaa na mawe ya chuma, na mmojawapo ukiwa mbali namna hiyo, kila tani inabeba nauli yake ndani. Gharama hiyo ilifunikwa na hazina kwa miongo mingi. Lakini mafundi wa vinu, wahandisi na wahasibu wa viwanda ndipo walipozaliwa.

#6 Mama Hesabu

Chuma, nakubaliana na wewe hadi 1939. Baada ya hapo hesabu zinageuka.

Vita vya pili hawakupigana, ila waliweka jeshi kubwa mpakani na kulilisha kwa noti za Benki Kuu. Bei zikapanda mara kadhaa. Novemba 1942 ikaja Kodi ya Mali, Varlık Vergisi. Makadirio yalifanywa na kamati za mitaa, hakuna rufaa, malipo ndani ya siku 15. Kwenye karatasi ilikuwa ya wote, lakini Wagiriki, Waarmenia na Wayahudi walikadiriwa mara nyingi zaidi ya Mwislamu mwenye duka la ukubwa uleule. Aliyeshindwa aliuziwa mali yake, kisha akapelekwa kuvunja mawe Aşkale, karibu na Erzurum. Ilifutwa Machi 1944. Tabaka la wafanyabiashara wa Istanbul lenye mtaji na mawakala wa nje lilivunjwa. Pia somo likabaki kwa kila mwenye fedha: usiweke mali panapoonekana.

Septemba 1946 wakaishusha lira kutoka takriban 1.30 hadi 2.80. Wala akiba haikuwa imekauka, maana wakati wa vita waliuza kromi kwa pande zote mbili na kuibuka na dhahabu nzuri. Waliishusha kwa sababu bei za ndani zilikuwa zimeikimbia ile ya dola.

Kisha Waziri Mkuu Menderes, 1950. Matrekta yalikuwa chini ya 2,000 mwaka 1948, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 yalipita 40,000, mengi kwa fedha za Mpango wa Marshall. Ardhi mpya ikalimwa, vita vya Korea vikapandisha bei, 1953 wakawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. 1954 ukame. Shirika la nafaka, TMO, likaendelea kununua ngano kwa bei ya juu ili mkulima apige kura vizuri, likikopa Benki Kuu. Fedha za kigeni zikaisha, vipuri vya matrekta yaleyale vikakosekana, trekta likafa shambani kwa kukosa pampu ya mafuta. Agosti 1958 wakasalimu amri. Bei rasmi ilibaki 2.80, lakini ukinunua dola unaongezea lira 6.20, jumla 9.

Kwangu mimi ugonjwa wa lira ni huu: Benki Kuu kulipia ahadi za mkulima. Viwanda havihusiki.

#7 Msafiri wa Likoni

Wadau, hebu nichokoze kidogo. Mizani alisema 1989, tumefika bandiko la 6 na lira imeshaanguka mara mbili kabla hajazaliwa Özal wa kisiasa. Mwenye uzi bado yupo ama ameenda Mombasa kupunga upepo?

#8 Mizani ya Mtaa

Nipo, Msafiri, na sijabadili msimamo. Kushusha sarafu mara moja kila miaka 12 ni jambo la kawaida kwa nchi nyingi za wakati ule. Uingereza yenyewe iliishusha pauni 1949 na 1967. Kuanguka kwa mfululizo, kila mwaka, bila breki, ni jambo lingine. Hilo ndilo nataka lielezwe.

#9 Sindano na Uzi

Basi njoo miaka ya 1960 na 1970, maana ndipo viwanda vyenyewe vilipotengenezewa udhaifu.

Baada ya mapinduzi ya Mei 1960 ikaundwa taasisi ya mipango, DPT. Mpango wa kwanza wa miaka mitano ni 1963 hadi 1967. Kanuni: zuia bidhaa iliyokamilika, ruhusu vipuri. Familia kama Koç zikaingia ubia na kampuni za nje. 1966 Otosan wakatoa gari la Anadol. Bodi ilikuwa ya faiba, kwa kuwa kufyatua bodi ya bati kunahitaji mashini na kalibu za gharama ambazo zinalipa ukiunda magari mengi tu. Faiba unaimwaga kwenye umbo na kusubiri ikauke. Injini ya Ford. 1971 Tofaş wakaanza Murat 124 kwa leseni ya Fiat, na Renault 12 ikatoka Bursa mwaka uleule.

Tatizo: viwanda hivi viliuza ndani tu, lakini vilinunua injini, chuma maalumu na kemikali nje. Kila gari lililouzwa Ankara lilimeza dola na halikuleta hata moja. Pengo lilizibwa na wafanyakazi waliokwenda Ujerumani kwa mkataba wa Oktoba 1961. Kufikia 1974 walituma takriban dola bilioni 1.4. Bahati mbaya Ujerumani ilishafunga ajira mpya Novemba 1973, wakati uleule mafuta yanapanda.

Serikali badala ya kufunga mkanda ikaja 1975 na amana za lira zinazobadilishika, DÇM. Mgeni anaweka dola kwenye benki ya Uturuki kwa riba nono, na hasara ikitokea kwenye bei ya dola inabebwa na serikali ya Uturuki. Fedha za muda mfupi zikamiminika, na 1977 zikagoma. 1978 na 1979 watu walipanga foleni ya siagi, mafuta ya kupikia, balbu na kahawa, na nyumba zikakosa mafuta ya kupasha joto. Deni likapangwa upya.

Kwa hiyo kiwanda na lira si vitu viwili, mkuu. Kiwanda chenyewe ndicho kinachokula lira.

#10 Chuma na Makaa

Sindano, sehemu ya pili sawa. Ya kwanza umeipunguzia haki yake. Masharti ya wakati ule yalilazimisha asilimia ya vipuri vya ndani ipande mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana Bursa kukazaliwa wafua springi, waunda viti, wamimina breki na wakata gia. Bursa ndiyo iliyopata eneo la kwanza la viwanda lililopangwa, OSB, miaka ya 1960 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: barabara, maji, umeme na mitaro vinakamilika kwanza, kisha viwanja vinatolewa. Leo magari yanaongoza mauzo ya nje ya Uturuki, na mtandao huo wa wauza vipuri ndio uliokuwa tayari. Usingeweza kuuanzisha kutoka sifuri 1996, Umoja wa Forodha na Ulaya ulipoanza.

#11 Kitabu Wazi

Na Özal je? Kila mtu anamruka.

#12 Bin Mrima

Hajarukwa. 24 Januari 1980, serikali ya Demirel, Özal akiwa katibu mkuu wa mipango. Lira kutoka 47 hadi 70 kwa dola kwa siku moja. Bei za mashirika ya umma zikapandishwa, riba zikaachiwa Julai, na kuanzia Mei 1981 bei ya dola ikawa inatangazwa kila siku. Mapinduzi ya 12 Septemba yakabana vyama vya wafanyakazi na mishahara halisi ikaporomoka. Mizani, breki unayoitafuta ilitolewa hapa: ukiitangaza bei ya dola kila siku ili muuzaji nje asibanwe, umeshamwahidi kila mwananchi kwamba lira itashuka kesho.

Mauzo ya nje: dola bilioni 2.9 mwaka 1980, karibu bilioni 8 mwaka 1985, karibu 13 mwaka 1990. Mwanzoni zaidi ya nusu ni mazao ya shamba. Mwishoni karibu asilimia 80 ni viwanda. Vita vya Iran na Iraq vilisaidia, waliwauzia wote wawili.

Ila kulikuwa na uozo. Muuzaji nje alirudishiwa kodi kwa asilimia ya thamani aliyoandika kwenye fomu ya forodha. Basi mtu anajaza kontena vitambaa vibovu au mawe, anaandika mashati ya daraja la kwanza, analipeleka kwenye kampuni yake mwenyewe ya nje, anachota marejesho. Waturuki waliita hayali ihracat. Tarakimu za miaka ya 1980 zisome ukijua hilo.

#13 Mhasibu wa Zamu

Wakuu mnasimulia viwanda na forodha, lakini mgonjwa hasa ni benki. Nitaeleza miaka ya 1990 kwa mpangilio.

Baada ya Amri 32 (hapa Mizani nakuunga mkono nusu), serikali ikagundua njia rahisi ya kuziba bajeti. Benki inakopa dola London kwa riba ndogo, inazigeuza lira, inanunua hati fungani za Hazina zenye riba ya asilimia 70 au 80. Mradi lira ishuke polepole kuliko riba, benki inapata faida bila kumkopesha mwenye kiwanda hata mmoja. Mapema 1994 serikali ikajaribu kushusha riba kwa nguvu, ikafuta minada ya hati, fedha zikakimbilia dola. Hatua za 5 Aprili zikafuata, uchumi ukasinyaa kama asilimia 5, mfumuko ukavuka asilimia 100.

Upande wa pili ni benki za umma, Ziraat na Halk. Serikali inaagiza: mkopeshe mkulima kwa riba chini ya soko. Tofauti tutalipa. Hailipi. Benki inaandika kama dai kwa Hazina na kuliita hasara ya jukumu. Dai linaongezewa riba, fedha halisi hamna, basi kila jioni benki inakopa za usiku mmoja ili milango ifunguliwe asubuhi. Kufikia 2000 madai hayo yalikuwa kama dola bilioni 20.

Desemba 1999 wakaingia mpango na IMF. Bei ya kapu la dola 1 na yuro 0.77 ilitangazwa mapema kwa mwaka mzima wa 2000, ipande asilimia 20 tu. Mfumuko ukashuka, ila ukabaki juu kuliko kasi ya kupanda kwa bei ya dola, kwa hiyo bidhaa za nje zikawa rahisi na nakisi ya biashara ya nje ikapanuka. Novemba Demirbank ikanaswa: ilijaza hati fungani za muda mrefu kwa mikopo ya usiku mmoja, wakopeshaji wakakata, ikachukuliwa na mfuko wa bima ya amana 6 Desemba. Baadaye HSBC waliinunua kwa dola milioni 350.

19 Februari 2001 Rais Sezer na Waziri Mkuu Ecevit wakagombana kwenye baraza la usalama, kijitabu cha katiba kikarushwa mezani. Benki Kuu ikabana lira ili kulinda dola. Nani anayekopa kila jioni? Ziraat na Halk. Riba ya usiku mmoja ikapita asilimia 6,000 kwa mwaka, na tarehe 22 wakaiachia lira. Uchumi ukashuka kwa takriban asilimia 6 mwaka huo. Ugomvi ulikuwa kiberiti tu, petroli ilimwagwa kwa miaka 10.

#14 Dogo wa Ubungo

Ndipo Erdoğan akamleta Derviş na 2003 akakata sifuri sita. Mpeni haki yake.

#15 Mama Hesabu

Dogo, Kemal Derviş aliletwa na Ecevit kutoka Benki ya Dunia, Machi 2001. AKP, chama cha Erdoğan, iliingia Novemba 2002 na kurithi mpango wake: sheria iliyokataza Benki Kuu kuikopesha Hazina, kuimarishwa kwa msimamizi huru wa benki, hasara za Ziraat na Halk kugeuzwa hati fungani, na ziada ya bajeti kabla ya riba ya asilimia 6.5 ya pato la taifa. Sifuri ziliondolewa 1 Januari 2005. Jina la lira mpya likaachwa 2009.

Haki yao ni kwamba waliufuata mpango wa wapinzani wao kwa miaka kadhaa bila kuuharibu. Si jambo dogo. 2004 mfumuko ukarudi tarakimu moja kwa mara ya kwanza tangu miaka ya mwanzo ya 1970.

#16 Sindano na Uzi

Na Umoja wa Forodha na Ulaya, 1 Januari 1996. Friji au gari likitoka Uturuki na hati ya A.TR linaingia Ujerumani bila ushuru. Unagusa bidhaa za viwandani na vyakula vilivyosindikwa. Mazao mabichi na huduma havimo. Hapo ndipo Gaziantep wakapanua mazulia, Denizli taulo, Kayseri na İnegöl samani.

Lakini mkataba una upande mmoja mgumu. Ulaya ikisaini biashara huria na nchi nyingine, bidhaa za nchi hiyo zinapata njia ya kuingia Uturuki kupitia Ulaya, wakati Mturuki lazima ajadili mkataba wake mwenyewe. Wa Ulaya na Korea Kusini ulianza Julai 2011, wa Uturuki Mei 2013. Miaka karibu miwili Hyundai na Samsung wako huru upande mmoja.

#17 Chuma na Makaa

Mnazunguka jambo lililo wazi. Uturuki inaagiza nje zaidi ya asilimia 90 ya gesi na mafuta mengi yake. 2022 bili ya nishati ilikuwa karibu dola bilioni 97. Ongeza chuma chakavu, maana vinu vyake vingi ni vya umeme vinavyoyeyusha chakavu cha nje, ongeza malighafi ya plastiki, nyuzi, vipuri. Kati ya kila dola 10 za manunuzi ya nje, kama 7 ni bidhaa za kati. Mauzo yakipanda, manunuzi yanapanda. 2011 nakisi ya malipo ya kawaida (fedha zinazotoka nje kupita zinazoingia kwa biashara na huduma) ilifika karibu asilimia 9 ya pato la taifa. Akiba ya ndani haitoshi, basi unakopa. Hakuna gavana atakayeponya hilo kwa riba. Gesi ya Bahari Nyeusi, uga wa Sakarya, ilianza kutoka Aprili 2023, lakini bado ni sehemu ndogo.

#18 Mhasibu wa Zamu

Chuma, Korea na Japani nazo hazina mafuta.

#19 Bin Mrima

Mhasibu amemaliza kwa sentensi moja. Tofauti ni kwamba Uturuki ilikopa dola kujenga vitu visivyoleta dola: maduka makubwa, maghorofa, barabara za kulipia. Kufikia 2018 kampuni zisizo za fedha zilikuwa na pengo la fedha za kigeni la zaidi ya dola bilioni 200. Agosti ule Marekani ikaongeza ushuru wa chuma hadi asilimia 50 kwa ajili ya kesi ya Brunson, mchungaji Mmarekani aliyeshikiliwa Uturuki, lira ikafika 7 kwa dola. Pengo hilo ndilo lililoua, ushuru ulikuwa kisingizio.

Na kuna la 2021. Gavana wa Benki Kuu, Ağbal, alipandisha riba hadi asilimia 19, akaondolewa Machi. Kuanzia Septemba mrithi wake Kavcıoğlu akaishusha hadi 14 kufikia Desemba, bei zikiwa zinapaa. Dola ikatoka kama lira 8.5 hadi 18 tarehe 20 Desemba.

#20 Mama Hesabu

Na usiku huohuo wakatangaza KKM, amana ya lira iliyolindwa dhidi ya dola. Mfano wa hesabu ya wakati ule, kwa wasioifahamu:

Unaweka lira 100,000 kwa miezi 3, riba asilimia 14 kwa mwaka. Siku ya kuweka dola ni 12.50, kwa hiyo umeweka sawa na dola 8,000. Riba ya robo mwaka ni lira 3,500. Siku ya kuchukua dola imefika 15. Ili ubaki na dola 8,000 zako unahitaji lira 120,000. Benki inakulipa 3,500 zake, na 16,500 zilizobaki zinatoka Hazina. Kama fedha zako zilikuwa dola ukazigeuza, basi analipa Benki Kuu. Dola isipopanda, unachukua riba yako ya kawaida.

Sindano ameshaeleza DÇM ya 1975. Ni dhamana ileile, safari hii kwa mwenye akaunti wa nyumbani. Iliposhika kilele Agosti 2023 ilikuwa lira trilioni 3.4. Riba ilishafikishwa asilimia 8.5 Februari 2023, baada ya mfumuko rasmi kugonga asilimia 85.5 Oktoba 2022. Juni 2023 Şimşek akarudi kuwa waziri wa Hazina, riba ikapandishwa hadi 50 kufikia Machi 2024.

#21 Msafiri wa Likoni

Sasa mwenye biashara ya nguo anafaidika vipi na haya? Lira ikianguka mzigo wa Istanbul si unakuwa rahisi?

#22 Sindano na Uzi

Msafiri, wengi huangukia hapo. Merter na Laleli, mitaa ya nguo za jumla ya Istanbul, bei ya jumla unatajiwa kwa dola, na mzigo unauzwa kwa seri, yaani pakiti moja yenye saizi zote za mtindo na rangi ile. Hawakuchagulii saizi mbili. Kitambaa, zipu na rangi mwenye kiwanda ananunua kwa bei ya dola. Kinachokuwa rahisi ni mshahara na kodi ya jengo tu, tena kwa miezi michache hadi kima cha chini kipandishwe. 2022 kilipandishwa mara mbili, Januari na Julai.

Kuanzia 2023 imekuwa kinyume: bei za ndani zinapanda haraka kuliko dola, hivyo shati lilelile limepanda kwa dola. Viwanda kadhaa vya nguo vimehamishia mishono Misri. Kwa mnunuzi wa Kariakoo au Eastleigh, la kufanya ni hili: pata bei yenye tarehe ya mwisho, lipa malipo ya awali madogo, na uandike bei ya dola kwenye karatasi ya oda. Oda ikitajwa kwa lira na mzigo ukachelewa wiki 6, muuzaji atapandisha au atabadilisha kitambaa. Pima uzito wa kitambaa kwenye sampuli na kwenye mzigo, gramu kwa mita ya mraba. Wakibana gharama, hapo ndipo panapokatwa kwanza.

#23 Dogo wa Ubungo

Asante Sindano, hiyo ya gramu naiweka. Na wakandarasi wao? Mbona wako kila mahali?

#24 Chuma na Makaa

Walianzia Libya miaka ya 1970, STFA na bandari ya Tripoli. Kisha Sovieti: mkataba wa gesi wa 1984 uliruhusu sehemu ya bei ilipwe kwa bidhaa na kazi za ujenzi. Nguvu yao ni mafundi na kasi. Mtaji ndio udhaifu. Angalia SGR ya Dar hadi Makutupora: mkandarasi Mturuki, lakini mkopo wa dola bilioni 1.46 wa 2020 ulioratibiwa na Standard Chartered ulipata dhamana za mashirika ya mikopo ya nje ya Denmark na Sweden. Nchi yenye riba kama yake haiwezi kumkopesha mteja wake kwa bei ya kushindana.

#25 Kitabu Wazi

Mmesahau dhahabu. Familia ya Kituruki huweka akiba kwenye bangili na sarafu za dhahabu, nje ya benki. Mama Hesabu amegusa 1942 na somo la kutoweka mali panapoonekana, basi unganisha hapo. Akiba ipo, ila haimfikii mwenye kiwanda. Chuma anasema akiba haitoshi. Mimi nasema imelala kabatini.

#26 Mama Hesabu

Kitabu Wazi, hapo nina shaka na mpangilio wako. Dhahabu hukimbiliwa riba ya amana ikiwa chini ya mfumuko. Mwaka 2023, riba ikiwa chini mno, manunuzi ya dhahabu kutoka nje yalifika karibu dola bilioni 30, na Agosti serikali ikaweka kikomo cha uagizaji. Walishajaribu pia kuitoa kabatini: tangu 2011 Benki Kuu iliruhusu benki kutimiza sehemu ya akiba ya lazima ya lira kwa dhahabu, na benki zikafungua siku maalumu za kupokea bangili, na mpima dhahabu mezani. Dhahabu kiasi iliingia. Ila bangili ikishapimwa, mteja anafunguliwa akaunti ya gramu. Siyo ya lira.